Spandauer: Kuoka Wienerbrød ya Kidenmaki Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Anayejua kusukuma chapati laini, ile inayochambuka tabaka kwa tabaka, tayari ameshashika nusu ya kazi hii. Kwenye chapati tunapaka mafuta, tunakunja, tunaviringisha, tunasukuma tena, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia matabaka yasishikane. Wadenmaki wanafanya jambo hilo hilo kwenye wienerbrød, vitafunio vyao vya tabaka, ila wao wanafungia ndani ya donge kipande kizima cha siagi baridi, na donge lenyewe lina hamira. Ugumu wote unaanzia hapo. Mafuta ya kupikia hayajali joto la jikoni, siagi inajali sana.

Nilijifunza Aarhus, Denmaki, katika jiko dogo la bibi mmoja aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinishika kidole cha shahada akakibonyeza kwenye siagi iliyokuwa mezani, kisha akakibonyeza kwenye donge lililotoka kwenye friji, kisha akaniangalia usoni kuona kama nimeelewa. Vyote viwili vilibonyea sawasawa. Somo lenyewe ndilo hilo, na kila hatua utakayoisoma hapa ipo ili kulilinda: siagi na donge viwe na ugumu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa naoka Tanga, ambako mchana jiko langu linafika nyuzi joto 31, na somo ni lile lile. Kilichobadilika ni saa ninazofanya kazi na idadi ya safari zangu za kwenda kwenye friji.

Jina nalo lina historia yake. Nje ya Denmaki vitafunio hivi huitwa vya Kidenmaki, lakini Wadenmaki wenyewe wanaviita wienerbrød, yaani mkate wa Vienna. Mwaka 1850 wafanyakazi wa bekari nchini Denmaki waligoma, na wenye bekari wakaajiri watu kutoka nje, wakiwemo Waaustria, waliokuja na ustadi wa kukunjia siagi ndani ya donge. Wadenmaki waliuchukua ustadi huo wakaubadilisha kwa namna yao, hasa kwa kuongeza siagi. Ukienda Vienna leo utakuta kitafunio cha aina hii kinaitwa Kopenhagener, yaani cha Copenhagen.

Wienerbrød ni ukoo mkubwa. Kuna snegl, maana yake konokono. Kuna hanekam, upanga wa jogoo. Kuna kringle, iliyosokotwa kama fundo, ambayo umbo lake likiwa na taji juu ndiyo alama inayotundikwa mlangoni mwa bekari za Denmaki hadi leo. Nimechagua spandauer kwa sababu ni ndogo, inasamehe makosa ya mikono, na ujazo wake ni mtamu kupita kiasi. Ni kipande cha mraba ambacho pembe zake nne zimekunjwa kuelekea katikati kama bahasha, na katikati kuna kastadi au jemu. Jina limetokana na Spandau, mji wenye ngome iliyokuwa gereza, ambao sasa ni sehemu ya Berlin. Wadenmaki pia wanaiita kwa utani bagerens dårlige øje, jicho baya la mwokaji. Usilichukulie kama kijicho cha husuda. Ni jicho linaloumwa, lenye uvimbe na umanjano katikati. Jina si la kuamsha hamu ya kula, lakini ukiiona spandauer yenye kastadi utakubali kwamba aliyeliweka alitazama vizuri.

Mahitaji ya spandauer 16

Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kutofautiana na kingine kwa gramu 30, na donge hili halivumilii tofauti hiyo.

Donge:
unga wa ngano gramu 500
maziwa baridi mililita 220
yai 1
sukari gramu 50
siagi laini gramu 40
hamira kavu ya chenga ndogo gramu 8
chumvi gramu 8
punje za iliki kutoka maganda 8, zitwangwe wakati huo huo

Siagi ya kukunjia: gramu 250

Remonce, ujazo wa chini: siagi laini gramu 75, sukari gramu 75, marzipani (lozi zilizosagwa na sukari) au lozi zilizosagwa gramu 75

Kastadi: maziwa mililita 250, viini vya mayai 2, sukari gramu 40, kornflawa gramu 20, vanila kidogo

Kumalizia: yai 1 la kupaka, sukari ya unga gramu 100, lozi chache zilizokatwa

Unga uwe ule wa kuokea mikate. Soma nyuma ya pakiti: protini ya gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100 inafaa. Unga wa keki utachanika ukianza kuusukuma.

Siagi nitaisemea kwa urefu kidogo, kwa sababu kwetu neno hili limebeba vitu viwili. Watu wengi wakisema siagi wanamaanisha majarini ya kopo, ile ya kupaka mkate. Hiyo haifai hapa hata kidogo. Imetengenezwa iwe laini wakati wote, kwa hiyo itanyonywa na donge na utapata mkate mtamu usio na tabaka hata moja. Unahitaji siagi ya maziwa, isiyo na chumvi, yenye mafuta asilimia 82 au karibu na hapo. Maji yaliyomo ndani yake yana kazi pia: yakipata moto wa oveni yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaonyanyua tabaka moja kutoka kwa jingine. Kama bei inakutisha, oka nusu ya kipimo. Usibadilishe siagi.

Iliki haiwekwi na kila mwokaji wa Denmaki, ingawa watu wa Skandinavia wanaipenda sana kwenye mikate yao ya hamira. Nilipofungua kabati la yule bibi nikakuta chupa ya iliki, harufu ilinirudisha nyumbani moja kwa moja. Tumia zile za maganda ya kijani, kama zinazotoka milima ya Usambara, na zitwange mwenyewe. Ya unga iliyokaa dukani huwa imeshapoteza nguvu.

Usiku wa kwanza: donge

Anza usiku. Changanya vitu vyote vya donge, kisha kanda dakika 4 au 5 tu. Hapa waoka mikate wenye mazoea huwa wanakosea, maana mkono umezoea kukanda mpaka donge livutike kama mpira. Usifike huko. Kusukuma kwa kesho nako ni kukanda, na donge lililokandwa sana leo litakuwa linajirudi kila ukilisukuma. Acha likiwa limeshikana tu, hata kama uso wake haujalainika vizuri.

Lifanye bapa la mraba lenye unene wa sentimita 2, lifunge kwenye nailoni na uliweke kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ubapa una maana: donge la mviringo linapoa nje huku ndani hamira ikiendelea kufanya kazi.

Kabla ya kulala pika pia kastadi. Koroga viini, sukari na kornflawa, chemsha maziwa, yamimine juu ya viini kidogo kidogo huku ukikoroga, rudisha kwenye moto mdogo na usiache kukoroga mpaka iwe nzito na itoe mapovu mazito kwa dakika moja. Weka vanila. Gusisha nailoni juu ya uso wake isifanye utando, ikipoa iingie kwenye friji.

Asubuhi: kuifungia siagi

Mimi huanza saa 11 alfajiri, na kwa mtu wa pwani sioni saa nyingine inayofaa. Kuna upepo, sakafu ina ubaridi, jiko bado halijawashwa.

Toa siagi gramu 250 kwenye friji, iweke katikati ya karatasi mbili za kuokea, uipigepige kwa kisukumio. Unaipiga ili ilainike bila kupata joto. Ikianza kutii, isukume iwe mraba wa sentimita 18 kwa 18, kingo zake zikiwa na unene sawa na katikati. Jaribio lake ni rahisi: shika karatasi upande mmoja uinue. Siagi ikipinda bila kuvunjika na bila kung'aa mafuta juu, imefika. Kwenye kipimajoto ni kama nyuzi 13 hadi 16. Ikivunjika, subiri dakika 5. Ikinata kwenye karatasi, irudishe kwenye friji.

Sukuma donge liwe mraba wa sentimita 27. Weka siagi juu yake kwa mshazari, pembe za siagi zikielekea ubavu wa donge. Sasa kunja pembe nne za donge zikutane katikati na uzibane kwa vidole mpaka hakuna siagi inayoonekana. Umetengeneza bahasha, umbo lile lile la spandauer utakayoikunja baadaye.

Kusukuma na kukunja mara tatu

Nyunyiza unga kidogo mezani. Kwanza usisukume, bonyeza kwa kisukumio kutoka juu hadi chini, hatua kwa hatua, ili siagi na donge vianze kutembea pamoja. Kisha sukuma kuelekea upande mmoja tu mpaka upate mstatili wa sentimita 20 kwa 60. Futa unga wa ziada kwa brashi, kwa sababu unga mkavu unaobaki katikati unazuia matabaka kukaa vizuri. Kunja theluthi moja kuja katikati, kisha theluthi nyingine juu yake, kama barua. Funga, weka kwenye friji dakika 45.

Rudia mara mbili zaidi. Kila mara geuza donge robo mzunguko, upande uliokunjwa ukae kushoto kwako kama mgongo wa kitabu. Mwanzoni una tabaka 1 la siagi. Kunja ya kwanza inakupa 3, ya pili 9, ya tatu 27. Ishia hapo. Nimeona watu wakiongeza kunja ya nne wakidhani watapata zaidi, lakini matabaka yanakuwa membamba mno, siagi inapotelea ndani ya donge na kitafunio kinakuwa kama skonzi.

Dakika 45 hizo zisipunguzwe. Zinafanya kazi mbili: siagi inarudi kuwa ngumu, na donge linapumzika likubali kusukumwa tena. Ukilisukuma likawa linajirudi, usishindane nalo, lirudishe kwenye friji dakika 15. Ukiona mabaka ya manjano yaliyokatikakatika chini ya ngozi ya donge, siagi imekuwa ngumu kuliko donge na imevunjika. Liache mezani dakika chache kabla ya kuendelea. Ukiona uso unang'aa na kisukumio kinanata, siagi inayeyuka: liingie kwenye friza dakika 10, hapo hapo, bila kumalizia "hiki kipande kidogo tu". Siagi ikitoboka mahali, nyunyiza unga, gonga kwa kiganja, endelea.

Baada ya kunja ya mwisho lipumzishe saa 1. Kisha kata ukingo mmoja kwa kisu kikali uutazame kwa karibu. Mistari myembamba, myeupe na ya manjano, imelala moja juu ya nyingine kama kurasa za msahafu. Ukiiona hivyo, kazi ngumu imekwisha.

Remonce

Remonce ina jina la kusikika Kifaransa, lakini ni kitu cha Kidenmaki: siagi, sukari na marzipani kwa uzito sawa, vilivyosagwa pamoja mpaka vikawa laini. Marzipani ikikosekana, saga lozi zilizomenywa pamoja na sukari. Nimejaribu kwa korosho zisizokaangwa na ladha yake ni tamu na ya upole. Haiwi remonce waliyoizoea Wadenmaki, lakini nyumbani kwangu ndiyo inayoombwa zaidi. Koroga bila kuingiza hewa, la sivyo itafura na kumwagika ndani ya oveni.

Kukata na kukunja

Gawa donge mara mbili, nusu moja ibaki kwenye friji. Sukuma nusu ya kwanza iwe sentimita 22 kwa 44 na uikate miraba 8 ya sentimita 11. Tumia kisu kirefu ukikandamiza kutoka juu kwenda chini. Ukiburuta kisu unayagandamiza matabaka yashikane pembeni, na ukingo ulioshikana haunyanyuki.

Weka kijiko kidogo cha remonce katikati. Kunja pembe nne zikutane juu yake, kisha kandamiza katikati kwa kidole gumba mpaka uhisi kidole kinakaribia meza. Kandamiza kweli. Pembe zilizobanwa kwa huruma hufunguka ndani ya oveni na unapata ua badala ya bahasha. Zipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, sentimita 5 kati ya moja na nyingine.

Kuumua

Spandauer nyingi za nyumbani huharibikia hapa, na yangu ya kwanza Tanga iliharibikia hapa. Mazoea yetu ni kuumulia maandazi karibu na jiko au juani. Nilifanya hivyo. Baada ya dakika 40 nikakuta trei imejaa siagi ya maji na vipande vimelala kama vitumbua vilivyokosa kuumuka. Siagi ya maziwa inaanza kulegea mapema, na ikishafika nyuzi 30 na zaidi haiwezi tena kutenganisha matabaka. Joto la kuumulia lisizidi nyuzi 26.

Kwa jiko lenye ubaridi, kama la Denmaki wakati wa baridi, inachukua saa 1 na nusu hadi 2. Kwa pwani nafanya hivi: naweka trei kwenye chumba chenye sakafu ya vigae, dirisha wazi, kabla jua halijapanda, na naitazama kila dakika 15. Kama kuna kiyoyozi, kitumie. Siagi ikianza kuchungulia pembeni, trei iingie kwenye friji dakika 20, kisha itoke tena. Ubaridi unachelewesha hamira lakini hauiui, kwa hiyo hupotezi kitu.

Zimekuwa tayari zikiwa zimefura karibu nusu zaidi ya zilivyokuwa, mistari ya tabaka inaonekana pembeni kwa macho, na ukitikisa trei zinatetemeka kama maziwa mgando. Ukizioka kabla ya hapo siagi itavuja na kuzikaanga kwa chini.

Kuoka

Washa oveni mapema ifike nyuzi 200, au 190 kama ina feni. Moto uwe umeshatulia kabla trei haijaingia, kwa sababu mvuke unapaswa kunyanyua tabaka kabla siagi haijapata muda wa kukimbia. Mwenye oveni ya mkaa aweke moto mwingi juu kuliko chini na aoke trei moja moja. Inawezekana, ila macho yasibanduke.

Kandamiza tena katikati ya kila kipande kwa vidole viwili, weka kijiko cha kastadi au jemu kwenye shimo hilo. Paka yai lililopigwa juu ya donge tu. Likitiririka pembeni litagundisha matabaka. Nyunyiza lozi. Oka dakika 15 hadi 18, na usifungue mlango dakika 10 za mwanzo.

Rangi iwe kahawia ya asali iliyokolea. Wengi huzitoa zikiwa za manjano kwa kuogopa kuungua, na ndani zinakuwa mbichi, zenye uzito. Inua moja uitazame chini: nako kuwe kahawia. Zihamishie kwenye waya ili chini kusilowe.

Zikipoa kiasi, koroga sukari ya unga na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya moto, ongeza matone ukihitaji, mpaka iwe nzito inayoanguka polepole kutoka kwenye kijiko. Chora duara kuzunguka kastadi.

Ukipenda kutumia nusu ya pili ya donge kwa kringle, isukume iwe ukanda wa sentimita 15 kwa 45, paka remonce katikati kwa urefu wote, tandaza zabibu kavu, kunja pande mbili zifunike ujazo, geuza mshono uwe chini, kisha unganisha ncha iwe mduara. Inaoka dakika 22 hadi 25. Mduara huu ni wa namna wanayooka watu wa Racine, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mji wenye wazao wengi wa wahamiaji wa Kidenmaki, na mwaka 2013 jimbo hilo liliifanya kringle kuwa kitafunio chake rasmi.

Spandauer huliwa siku ile ile. Denmaki watu huzinunua asubuhi, hasa mwisho wa juma, wakanywea kahawa. Kwangu zinakwenda na chai ya rangi isiyo na sukari. Zilizobaki zisiingie kwenye friji kama hazina kastadi. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 160 dakika 5. Kama watu ni wachache, gandisha zile mbichi mara tu baada ya kuzikunja, kabla hazijaumuka. Zinakaa wiki 3 kwenye friza. Jioni zihamishie kwenye friji, alfajiri zitoe ziumuke, na kastadi uiweke wakati huo.